Kuku wa Mgeni Hanywi Dawa

Kilichonistaafisha ni kifua. Sikufikia umri wa pensheni, na katika kazi yetu pensheni haipo. Sijatimiza hata miaka thelathini. Lakini muuguzi wa kituo cha afya aliniwekea kifaa chake mgongoni, akanisikiliza nikivuta pumzi, kisha akaniuliza ninafanya kazi gani. Nikamwambia natibu kuku. Akakitoa kifaa masikioni.

"Basi kuku wamekushinda," akasema.

Ni vumbi la manyoya na la mavi makavu, miaka yote ile ya kuinama ndani ya vibanda. Aliniambia nichague kati ya kazi na mapafu. Nimechagua cherehani ya dada yangu, ambayo haina mabawa.

Ninyi mnaobaki mkizunguka mitaani kutibu kuku mliniomba niwaandikie ninachojua juu ya dawa ya minyoo. Nimeanza karatasi hii mara nyingi na kuichana, kwa sababu kila nikiandika sentensi naona mahali inapoweza kumdanganya mtu. Kwa hiyo niseme mapema: ninachojua ni kidogo kuliko mnavyodhani. Sikusoma shule ya mifugo. Nilijifunza kwa video za simu, kwa redio, na kwa vile vikaratasi vinavyokunjwa ndani ya maboksi ya dawa. Vikaratasi nilivisoma vyote, hata upande wa lugha nisiyoijua, nikiogopa kwamba jambo la maana zaidi limeandikwa upande huo. Nami ni mtu wa wasiwasi, mnanijua. Nikifunga kufuli natembea hatua chache, narudi, nalivuta. Kuku hawapendi mtu wa namna hiyo.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa kwa jirani yetu. Wazazi wangu walihamia Bunia kutoka Butembo na biashara ya vitambaa. Kwetu kuku alikuwa kitu cha kununua, si cha kufuga, hivyo hata kumshika sikujua. Nilikwenda na mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza nyama, pamoja na mfuko. Nikampima kila kuku ndani ya mfuko, nikajumlisha uzito, nikarudia hesabu, nikampima tena jogoo kwa sababu mara ya kwanza alitikisika. Mama mwenye nyumba alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharagwe.

"Unawapima juu ya kuwaponyesha ao juu ya kuwauzisha?" akauliza.

Nikachanganya dawa ndani ya beseni la maji, sawasawa kama karatasi ilivyosema, nikaliweka katikati ya parseli, yaani uani pake. Kuku wakalizunguka, wakalitazama kwa jicho moja, halafu la pili, wakaenda zao kunywa kwenye dimbwi chini ya bati, maana mvua ilikuwa imenyesha. Nikawafukuza dimbwini. Wakaenda kwenye maji ya vyombo. Nikamwaga maji ya vyombo. Wakarudi dimbwini. Motari wawili waliokuwa wakipita walizima pikipiki zao barabarani ili waangalie vizuri.

"Docteur!" mmoja akaita. "Utie na sukari! Kuku ya Bunia hainywe kitu ya bure!"

Jina docteur lilianza hivyo, kama dhihaka, nalo likabaki. Mpaka leo sijui lilipoacha kuwa dhihaka. Nilipolikataa watu walisema najidai mnyenyekevu. Nilipolikubali nilijiona mwongo. Mwishowe nikawa naitikia tu, kama mtu anayeitikia jina la ndugu yake.

Kutoka siku ile nilijifunza jambo ambalo hakuna karatasi iliyoniambia: kabla ya kufikiria dawa, fikiria maji mengine yote. Wafungeni kuku tangu jioni. Ondoeni maji yao. Asubuhi, kabla ya kuwafungulia, zungukeni parseli nzima mkitafuta madimbwi, sufuria zilizolowekwa, bidoni ya maji iliyokatwa, mfereji wa jirani. Dawa iwe ndiyo maji pekee wanayoyaona, na iwe kidogo, waimalize kabla jua halijapanda. Halafu kaeni. Msiondoke. Kuku akiinamisha kichwa kwenye maji haina maana kwamba amekunywa.

Hilo la mwisho ni la Papa Udaga. Yeye ni mtu wa Mahagi, ana meza ya dawa za mifugo sokoni, rozari yake imening'inia kwenye msumari mmoja na seringi. Sikumchagua awe mwalimu wangu, naye hakunichagua. Nilikuwa nakwenda kusoma vikaratasi bila kununua kitu, na baada ya muda alichoka kunifukuza.

"Kahindo," aliniambia siku moja, "unasoma sana. Umeshaona munyoo?"

Nikasema nimeiona kwenye simu. Akafunika meza yake kwa turubai, akanipeleka nyuma ya vibanda ambapo muuza kuku alikuwa ametupa kuku aliyekufa. Akamlaza juu ya kipande cha bati, akampasua kwa wembe, akavuta utumbo, akaukata kwa urefu. Minyoo walitoka wameshikana, weupe, wengi, kama vermiseli, zile tambi nyembamba, iliyopikwa kupita kiasi. Sikuweza kula vermiseli tena, na kwa dada yangu ndicho chakula cha Jumapili.

"Sasa unajua unapigana na nani," akasema, akipangusa wembe. "Mbele ulikuwa unapigana na karatasi."

Yeye ndiye aliyenipa seringi ya kwanza, ile ya plastiki isiyo na sindano, kwa kuku mgonjwa asiyetaka kunywa. Akanionyesha namna ya kumbana kwapani, kuinua kichwa kidogo tu, kuingiza tone pembeni mwa mdomo, kungoja ameze, halafu tone lingine. Ukimwaga yote kwa pamoja inaingia kwenye pumzi, naye atakufa akiwa hana minyoo. Nilifanya mazoezi kwa maji matupu siku nyingi. Kuku wa Papa Udaga walikuwa wakiniona mlangoni wanapanda juu ya paa.

Kabla sijafika kwenye kazi iliyonichanganya kuliko zote, niwaambie sheria moja niliyokuwa naisimamia kuliko zote, maana mambo mawili haya yanakwenda pamoja. Kuku akishakunywa dawa haliwi mara moja, wala mayai yake. Dawa inatakiwa imtoke mwilini kwanza. Kila dawa ina siku zake na zimeandikwa. Mimi nilizisoma siku hizo, nikaogopa, nikaziongeza maradufu. Karatasi ikisema wiki moja, mimi nilisema wiki mbili. Na sikusema mara moja. Niliwasimamisha akina mama kando ya beseni, nikawauliza: "Wiki ngapi?" Wao wakajibu: "Mbili!" Nikauliza tena. Nilirudi nyumbani nimetulia, nikiamini kwamba sehemu hiyo, angalau hiyo, nimeifanya bila kosa.

Mama Faida alikimbilia Bunia kutoka kijijini kwao Aveba, na watoto wake, na kitunga. Ndani ya kitunga mlikuwa na tetea mmoja na vifaranga vyake. Tetea huyo Mama Faida alipewa na kaka yake siku alipomzaa Faida, na uzao wake wote ulifanana: madoa meupe kama ya kanga, shingo tupu bila manyoya, miguu ya njano. Katika parseli aliyopanga pembeni mwa mji kuku wale waliongezeka mpaka watu wa avenyu nyingine, mitaa ya jirani, wakawa wanakuja kuomba jogoo. Halafu vifaranga vikaanza kufa. Mabawa yalilegea, vilemba vilififia, ukishika kifua unakuta mfupa mkali kama kisu. Nilipoitwa walikuwa wamebaki wachache sana: yule tetea mzee, mitetea michache, na jogoo mmoja aliyesimama kama mtu anayesikiliza habari mbaya.

"Docteur," Mama Faida aliniambia, "hii ikiisha, mbegu ya Aveba imeisha. Kule kwetu hakukubakia hata moja. Na mimi sitafuga tena. Nimechoka kuzika kuku."

Niliwapa dawa kwa namna ambayo ningependa ninyi mngeiona. Walifungwa tangu jioni. Madimbwi niliyafukia kwa mikono yangu. Kila mmoja alikunywa mbele ya macho yangu. Kesho yake minyoo ilionekana kwenye mavi, nami nilifurahi kama mtu aliyepata diploma. Nikarudi baada ya wiki kadhaa kurudia, kama inavyotakiwa, ili kuwakamata minyoo waliokuwa bado wadogo mara ya kwanza. Mama Faida akaniletea chai. Vifaranga vipya vikatotolewa, vikachangamka.

Halafu mabawa yakalegea.

Kimoja kilipokufa nilikipasua juu ya bati. Vermiseli.

Sikuelewa. Niseme wazi kwamba sikuelewa kwa muda mrefu, na kwamba kutoelewa kwangu hakukuwa kwa heshima. Nilimshuku kila mtu. Kwanza nilishuku dawa, nikaenda sokoni na kopo mkononi.

"Papa Udaga, dawa hii ni ya kweli?"

Aliniangalia, akaangalia rozari, akaniangalia tena. "Unaniuliza mimi ao unamuuliza Mungu?"

"Ninauliza tu. Kwa Mama Faida haikazi, minyoo haifi."

"Kwa mimi inakaza. Kwa padri inakaza. Kwa Mama Faida haikazi. Basi dawa ndio iko na kosa?" Akalichukua kopo, akalinusa, akanirudishia. "Enda uangalie vizuri. Uache kuniharibia soko."

Nikashuku kipimo, nikawapima upya wote. Nikashuku maji, nikakaa asubuhi nzima nikililinda beseni kama askari wa barrière anayefunga barabara. Nikashuku udongo, na hapo nilikuwa na sababu: mayai ya minyoo hukaa ardhini muda mrefu, na kuku huyaokota anapokwaruza. Tukakihamisha kibanda, tukakwangua udongo wa juu tukautupa mbali, tukamwaga majivu, tukaacha jua lipige. Kila mara walipata nafuu kidogo, halafu wakarudi kulekule. Jogoo alikufa wiki ambayo tulikuwa tumemaliza kukwangua udongo. Mama Faida alimzika nyuma ya choo, akanawa mikono, hakunilaumu. Ningependa angenilaumu. Tetea mzee alikuwa ameketi tu, manyoya yametimka, na nilianza kuogopa kuipita njia ile.

Nilipogundua, niligundua kwa sababu nilisahau mizani. Tulikuwa tumetoa dawa tena asubuhi ile. Mchana nikarudi bila kupiga simu, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, kwa kuwa niliona ni adabu kumjulisha mtu. Nilipoingia niliitwaa mizani ukutani, nikageuka nikamkuta Mama Faida akiinama kwenye tundu la uzio, anamvuta kuku kutoka upande wa jirani. Kuku mnene. Madoa ya kanga, shingo tupu, kamba mguuni. Akamweka chini katikati ya wenzake, naye akaanza kukwaruza pale pale kama mtu aliyerudi kwake.

"Mama Faida, huyu ametoka wapi?"

"Wapi? Ni wa hapa."

"Asubuhi hakuwapo."

"Asubuhi alikuwa kwa jirani."

"Anafanya nini kwa jirani?"

"Anangojea docteur aende."

Hakusema kwa kuficha. Alisema kama unavyomwambia mtu kwamba mvua imekatika. Mimi nilisimama na mizani mkononi.

"Huyu ni wa kupikia mugeni," akanieleza, polepole, kwa kuwa aliona nimepotea. "Weye ulisema kuku ikikunywa dawa, wiki mbili hakuna kukula. Umetusemesha kama watoto ya masomo. Sasa mugeni akifika mu ile wiki mbili?"

"Mgeni gani?"

"Kaka yangu. Yeye iko Niania."

Kaka huyo ndiye aliyempa tetea wa kwanza. Alikuwa dereva wa lori kwenye barabara ya msitu, na mara ya mwisho waliposemezana alisema njia ikifunguka atapanda mpaka Bunia amwone. Tangu mvua za mwaka uliotangulia simu yake haikupatikana. Mama Faida aliyasema haya akimtazama kuku.

"Anaweza kufika leo," akasema. "Nimwambie nini? 'Kaka, ulale kwanza wiki mbili, kuku iko na dawa mu tumbo'?"

"Ungepika sombe."

"Sombe!" Aligeukia nyumba kana kwamba ndani kuna watu wa kumshuhudia. "Mutu atoke Niania, alale mu matope, apite barrière zote, mimi nimutilie majani ya muhogo! Kuku yenyewe, mama yake ni yeye alinipatia!"

"Basi samaki."

"Docteur. Weye uko na kaka?"

"Niko naye."

"Akifika munamupikia samaki?"

Kwetu, kaka yangu akija, mama yangu huua kuku kabla hajavua viatu.

Nikatoka pale nikaenda nyumba kwa nyumba kwenye avenyu ile, nikiuliza swali ambalo sikuwahi kuliuliza: kuku wa mgeni yuko wapi? Kila nyumba ilikuwa naye. Hakuna aliyeona aibu. Siku ya dawa kwa huyu, kuku wake wa mgeni alipelekwa kwa yule. Siku ya dawa kwa yule, wawili wakaja kwa huyu. Walikuwa wakisaidiana, kama wanavyoazimana kinu. Nami nilikuwa nimeitibu avenyu nzima isipokuwa kuku mmoja katika kila nyumba, na huyo mmoja ndiye aliyekuwa akisafiri. Tena ndiye mnene kuliko wote, kwa kuwa mgeni hapewi kuku dhaifu. Kuku mwenye nguvu anaweza kubeba minyoo bila kuonyesha lolote. Anaacha mayai ya minyoo kwenye mavi popote anapopita, na vifaranga vinayaokota.

Sasa mnaona nilivyochanganyikiwa. Hawakunidharau. Walinisikiliza kuliko mtu yeyote alivyowahi kunisikiliza. Walishika sheria yangu kwa uaminifu mkubwa, hawakula kuku mwenye dawa hata mmoja, na kwa kuishika ndivyo minyoo ilivyopata nyumba. Kama ningekuwa mzembe kidogo, kama ningesema siku zile zilizoandikwa tu, au nisingesema mara nyingi hivyo, pengine wangemwacha anywe. Pengine wasingemwacha. Nililigeuza jambo hili kichwani mpaka likakosa upande wa mbele.

Nilimpelekea Papa Udaga, nikitegemea atakasirika pamoja nami. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Unacheka nini?"

"Kuku ya mugeni!" Akafuta macho. "Na mimi niko na yangu nyumbani."

"Amekunywa dawa?"

"Hapana."

"Papa Udaga! Weye unauza dawa!"

"Ninauza dawa, ndiyo. Na wageni wanakuja, ndiyo." Akavaa miwani. "Siku ile padri alikuja bila kutuma habari, ungetaka nimupe nini? Seringi?"

Niliporudi kwa Mama Faida sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa nimekwenda kumwomba, basi. Tulikaa kwenye vibao kando ya jiko, yeye anamenya mihogo, tukabishana. Mimi nilisema huyu lazima anywe. Yeye alisema nyumba haiwezi kukaa bure, bila kuku wa mgeni, hata siku moja. Nikasema basi mbegu itakufa. Akasema bora mbegu ife kuliko kaka akute kizingiti kikavu. Nikasema kaka mwenyewe hatafurahi kukuta kuku aliowatoa wameisha wote. Hapo kisu kikasimama kwenye mhogo. Halafu tukasema maneno mengi kwa wakati mmoja, kila mtu juu ya mwenzake, na ndani ya maneno hayo jambo likatoka: aanze yeye. Kuku wa mgeni anywe kwanza, peke yake, chini ya kitunga, wakati wenzake wote bado hawana dawa. Mgeni akifika siku hizo, atachinjiwa mmoja wa wale wengine. Siku zake zikiisha, afungwe uzi mwekundu mguuni. Huyo sasa ni safi na analiwa. Ndipo wengine wanywe. Nyumba haikai bure hata siku moja.

Ni rahisi hivyo. Mtoto angeliweza kulisema. Lakini nani alilisema? Mimi nakumbuka kwamba ni Mama Faida. Yeye anaapa kwamba ni mimi. Tumebishana juu ya hilo kuliko tulivyobishana juu ya kuku.

Nikazungukia nyumba zile nyingine kwa mpango uleule, nikaacha kuongeza siku maradufu, nikarudi kwenye zile zilizoandikwa. Niliisoma karatasi mara mbili kabla ya kusema "wiki moja". Akina mama walinitazama kwa wasiwasi. "Zile zingine zimeenda wapi?" mmoja akauliza. Papa Udaga naye alimpa dawa kuku wake wa mgeni, ingawa alinitaka nisimwambie mtu kwamba hakuwa amempa.

Vifaranga vilivyototolewa baada ya hapo havikulegea mabawa. Tetea mzee alisimama, akaanza kuwapiga wenzake, ambayo ndiyo dalili bora ya afya ninayoijua. Jogoo tulimpata kwa mtu wa avenyu ya pili, mjukuu wa jogoo mmoja wa Mama Faida aliyeazimwa huko zamani, shingo tupu vilevile. Mbegu ikarudi.

Je, ni uzi mwekundu ulioiponya? Ningependa kuwaandikia ndiyo. Lakini miezi ile mvua ilipungua, na udongo mkavu hauwapendi minyoo. Tena kibanda kilikuwa mahali papya. Tena Papa Udaga alikuwa amebadilisha aina ya dawa, akisema ile ya zamani haikuwa na kosa ila ameibadilisha tu. Mambo manne yalibadilika kwa pamoja, na mtu mwenye akili timamu angebadilisha moja kwanza akangoja. Sikuwa na muda wa kungoja; kuku walikuwa wanakufa. Kwa hiyo nawaachia yote manne, fanyeni yote, mvua tu muiachie Mungu, na yeyote kati yenu akija kujua ni lipi, anijie kwenye cherehani aniambie. Ninalowaomba kwa nguvu ni moja: mkifika kwa mtu, kabla hamjafungua kopo, msalimieni, kaeni, ulizeni habari za ndugu walio mbali. Halafu ulizeni kuku wao yuko wapi.

Wiki iliyopita nilikwenda kumuaga Mama Faida. Nilikuwa nimejifunga kitambaa puani, motari aliyenibeba akaniuliza kama nakwenda kuiba. Mama Faida hakunikaribisha jikoni kama siku zote. Alinikalisha ndani, kwenye kiti chenye kitambaa, akaniambia nisubiri. Nilisikia harufu nikajua. Akaleta bugali, akaleta sahani iliyofunikwa, akaifunua. Juu ya mapande mengine, mahali ambapo mtu hawezi kukosea kuona, ilikuwa firigisi.

"Ni yupi huyu?" nikauliza.

"Ule wa uzi."

Mkono wangu ulikuwa umeshaanza kwenda kwenye sahani. Ukasimama.

"Alikunywa dawa lini?"

"Docteur, kula."

"Ninauliza tu lini."

"Zamani! Ningemufunga uzi bure?" Akaketi mbele yangu, mikono magotini. "Kula. Alikuwa wa kaka."

Sikujua nifanye nini na neno lile. Nilitazama uso wake kama kuna habari imefika, nzuri au mbaya, nikaona uso tu, umechoka kidogo kwa moshi. Niliogopa kuuliza. Nikiuliza na jibu likawa baya, nitakuwa nimelikalisha mezani kati yetu. Nisipouliza, nitakuwa ninakula kuku wa mtu bila kujua kama bado anangojwa. Nikala. Nilikula firigisi, ambayo kwetu hupewa kaka yangu, na ilikuwa nzuri, nami nilitafuna muda mrefu kuliko inavyohitaji.

Baadaye akanitoa nje kunawa. Alikuwa akinimiminia maji mikononi nilipoona, karibu na ukuta wa jiko, kitunga kimegeuzwa juu chini na jiwe juu yake. Katikati ya fito kulionekana madoa meupe na mguu wa njano. Mguuni kulikuwa na uzi mwekundu, mpya kabisa, ncha zake bado ndefu. Niliinama nione vizuri na kifua kikanibana mara moja, nikakohoa.

"Toka pale! Vumbi!" Akanivuta kwa mkono uliolowa. "Nilimufunga mbele ya kuchinja ule mwingine. Nyumba haiwezi kukaa bure."

"Na wale wengine wamekunywa?"

"Kesho. Nilingoja kwanza huyu amalize siku zake." Alinitazama kana kwamba nimeuliza jina lake. "Si weye ulisema?"

Nikamwambia sikumbuki kama ni mimi.